Kaseti Bora Ziko Tupu

Msikilizaji, kaseti bora zaidi zilizowahi kutengenezwa hazina kitu ndani. Zimo bado kwenye nailoni zake, hazijafunguliwa tangu zilipotoka viwandani Japani miaka 35 au 40 iliyopita, na zimepangwa kabatini kwa watu wanaozikusanya huko Japani, Ujerumani na Marekani. Na zile sauti ambazo sisi tungetoa chochote tuzisikie tena vizuri, za waimbaji wa taarab usiku wa harusi, za masheikh wakidarsisha, za bibi anayewasalimia wanawe walioko Maskati, zimerekodiwa kwenye kaseti za bei ya chini kabisa zilizokuwepo sokoni. Jambo hilo limenikaa moyoni muda mrefu, na ndilo ninalotaka tulizungumze leo.

Kwanza tuelewane kwa nini kaseti tupu moja iwe bora kuliko nyingine. Wengi wetu tulikua tukiamini kaseti ni kaseti, na kinachotofautisha ni redio tu. Sivyo.

Kaseti ilizinduliwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, kwenye maonyesho ya redio mjini Berlin. Kazi hiyo iliongozwa na mhandisi wa Kiholanzi, Lou Ottens, huko Hasselt, Ubelgiji. Ottens alitaka kinasa sauti kinachoweza kuingia mfukoni. Lengo la mwanzo lilikuwa maneno: barua za ofisini, mahojiano, kumbukumbu za mikutano. Muziki mzuri ulikuwa kazi ya santuri na kanda za rili. Kwa hiyo, ili mashine iwe ndogo, mkanda ulifanywa mwembamba, upana wa milimita 3.81, na mwendo wake ukapunguzwa hadi sentimita 4.76 kwa sekunde. Mashine kubwa za studio zilikuwa zikiuvuta mkanda kwa sentimita 38 kwa sekunde, na mkanda wenyewe ulikuwa na upana wa zaidi ya milimita 6. Kisha hizo milimita 3.81 za kaseti zinagawanywa mara nne, upande A na upande B, na kila upande una sauti ya kushoto na ya kulia. Kila sauti inabaki na njia ya kama nusu milimita tu ya kupita.

Sasa fikiria sauti nyembamba, kama ule mlio wa juu wa matuazi au ncha ya fidla, sauti inayotikisika mara 15,000 kwa sekunde. Kwa mwendo wa kaseti, wimbi moja la sauti hiyo linachukua nafasi ya takriban sehemu tatu za elfu moja za milimita. Hapo ndipo sauti inapoandikwa. Chembe za unga wa sumaku uliopakwa kwenye mkanda zikiwa kubwa, au zikiwa hazilingani, au upakaji ukiwa na mabonde, hakuna nafasi ya kuandika kitu kidogo hivyo. Unapata sauti iliyofifia na ule mvumo wa "shhh" tunaoufahamu sote.

Wajapani waliuchukua udhaifu huo wakaufanyia kazi kwa muda wa miaka zaidi ya 20, na kwangu mimi hiyo ni mojawapo ya kazi za uhandisi zinazostahili heshima kubwa. Kampuni ya TDK ilianzishwa Tokyo mwaka 1935 ili kutengeneza feraiti, aina ya sumaku ya kauri, kwa hiyo unga wa sumaku haukuwa jambo geni kwao. Mwaka 1968 walitoa kaseti waliyoiita Super Dynamic, iliyokusudiwa muziki hasa. Huko Marekani, kampuni ya DuPont ilikuwa na unga mwingine, oksidi ya kromu, ambao uliandika sauti nyembamba vizuri zaidi kuliko oksidi ya chuma, ambayo ni ndugu wa kutu. Kuutumia kulihitaji leseni. TDK wakatafuta njia yao: wakachukua chembe za oksidi ya chuma wakazivisha kobalti, na mwaka 1975 wakatoa kaseti ya SA. Maxell nao wakafuata kwa kobalti yao, wakatoa XLII. Wale wenye umri wangu wanaikumbuka SA na lile karatasi lake, hata kama waliiona tu kwenye kioo cha duka.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 ikaja kaseti ya metali. Hapo unga haukuwa tena oksidi, ulikuwa chuma chenyewe katika chembe ndogo kabisa, kitu kinachotaka kushika kutu mara kinapokutana na hewa, hivyo kila chembe ililazimika kukingwa. Kampuni ya 3M ya Marekani ilitoa ya kwake, na mwaka 1979 TDK wakatoa MA-R.

Naomba nisimame kidogo hapa kwenye MA-R, maana ninayo mezani studio hii, na mkono unahisi tofauti kabla sikio halijaambiwa lolote. Ni nzito. Fremu yake si plastiki, ni metali iliyomiminwa kwenye kalibu, na pande zake mbili ni plastiki angavu, unauona mkanda na magurudumu yake yote ndani. Mtu anaweza kudhani ni urembo. Urembo upo, ila sababu ya msingi ni nyingine. Mkanda lazima upite mbele ya hedi, yaani kile kichwa cha sumaku kinachousoma, ukiwa umenyooka kabisa. Ukiinama kidogo tu, yale mawimbi madogo niliyoyataja yanafutika, na sauti inakuwa kama imefunikwa blanketi. Ganda la plastiki hafifu hupinda kwa joto na kwa kubanwa. Fremu ya metali haipindi. Baadaye Sony wakatengeneza Metal Master, ganda lake la mchanganyiko wa kauri, kwa nia hiyohiyo na pia kuzuia mitetemo ya mashine isiufikie mkanda. Kampuni ya Taiyo Yuden, ambayo wengi waliijua baadaye kwa diski tupu za CD, ilikuwa na kaseti zake za jina That's, nazo zilikuwa nzuri sana. Watu walikuwa wakishindana kwa kitu ambacho mnunuzi alikinunua kikiwa hakina sauti hata moja. Uzuri wote ule ulikuwa wa kumngojea mtu mwingine aseme au aimbe.

Biashara hiyo ilikwisha. Kaseti za metali ziliacha kutengenezwa mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2007 TDK waliuza jina lao la kanda na diski kwa kampuni ya Marekani. Wanaotengeneza mkanda mpya wa kaseti leo ni wachache: National Audio Company iko Springfield, Missouri, na nyingine ipo Ufaransa, inaitwa RecordingTheMasters. Wote wawili walianza kutoa mkanda wao wa kaseti karibu na mwaka 2018, na wanapaka oksidi ya kawaida ya chuma, siyo kobalti wala metali. Kazi yao naiheshimu, lakini ile ngazi ya juu hakuna anayeipanda tena. Ndiyo maana MA-R moja iliyo kwenye nailoni yake inaweza kuuzwa kwa bei inayopita bei ya deki nzima ya mtumba.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wakusanyaji. Nawaelewa. Bila wao kaseti nyingi hizi zingekuwa zimetupwa, na kumbukumbu ya nani alitengeneza nini mwaka gani ingepotea. Lakini kuna imani kwamba kaseti iliyofungwa inabaki mpya milele, na imani hiyo si sahihi. Ndani ya kila kaseti, katikati, pana kipande kidogo cha kitambaa au sponji juu ya springi ya metali, kinachouegemeza mkanda kwenye hedi. Kimeshikiliwa na gundi. Gundi haijui kama nailoni imefunguliwa au la. Inakauka, kipande kinadondoka, na kaseti hiyo ya gharama itakuwa na sauti inayokuja na kupotea. Mkanda uliokaa bila kuzungushwa miaka mingi nao hushikana kidogo, tabaka kwa tabaka. Kaseti iliyofunguliwa, ikazungushwa mbele na nyuma mara kwa mara, ikarekodiwa na kuchezwa, mara nyingi ina afya kuliko ile inayotazamwa tu. Mimi ya kwangu nimeifungua.

Lakini, msikilizaji, kabla hujakimbilia kutafuta kaseti ya metali, nikuambie jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kaseti ya metali inahitaji mashine inayoiweza. Chembe zake ni ngumu kuzigeuza, zinataka nguvu ya sumaku kubwa zaidi ya ile ya SA, wakati wa kurekodi na hata wakati wa kufuta. Redio kaseti ya kawaida, zile tulizokuwa nazo sebuleni na dukani, haina nguvu hiyo. Ukiirekodia metali, sauti inatoka kali, imekosa mwili, na ukitaka kufuta kilichokuwemo, cha zamani kinabaki kikisikika kwa mbali chini ya kipya. Geuza kaseti uangalie mgongo wake, kule juu ambako kuna vile vimeno tunavyovivunja ili isifutwe. Kaseti za SA na XLII zina mashimo ya ziada karibu na vimeno, na za metali zina mengine tena katikati. Deki nzuri ina vidole vya kuyapapasa mashimo hayo, ikajua iweke nguvu gani. Redio nyingi za kwetu hazikuwa na vidole hivyo. Zilichukulia kila kaseti kuwa ya kawaida.

Kwa hiyo, kama una redio kaseti ya kawaida na unataka kurekodi, tafuta kaseti ya kawaida iliyo bora: TDK AD, au Maxell UD. Hizo ni oksidi ya chuma, lakini iliyosagwa na kupakwa kwa uangalifu, na redio yako itazifahamu. Ukiwa na deki kamili yenye kuchagua aina ya mkanda, nenda kwenye SA au XLII, na hapo utakuwa umepata karibu yote ambayo sikio la mtu linaweza kudai. Metali waachie wenye mashine zake. Na usiogope kaseti iliyotumika. SA iliyorekodiwa mara moja miaka ya 1980 na mtu mwangalifu, ukiifuta na kurekodi upya, ni kaseti nzuri kuliko nyingi unazoweza kununua mpya leo, na bei yake ni ndogo.

Sasa turudi kwetu.

Kaseti ilipoingia Afrika Mashariki ilibadilisha nani ana haki ya kuhifadhi sauti. Kabla yake, sauti ilihifadhiwa na studio na redio ya taifa, kwenye rili. Kaseti ikaipeleka kwenye duka la mtaani. Mombasa, duka la Mbwana Radio Service lilirekodi taarab ya kina Zein l'Abdin na Maulidi Juma na kuuza kaseti zake. Kila mji wa pwani ulikuwa na mtu mwenye deki mbili na kabati la kaseti, unampelekea orodha ya nyimbo, unarudi jioni kuchukua. Darsa za msikitini zilirekodiwa na mtu aliyekaa safu ya mbele na redio mapajani. Walioko Oman na Dubai walipelekewa barua za sauti, upande A baba anaongea, upande B mama na watoto na majirani wanaopita kusalimia. Hakuna idara ya serikali wala chuo kikuu kilichohifadhi maisha ya watu wa kawaida kwa wingi huo.

Na vyote hivyo vilirekodiwa kwenye kitu gani? Kwenye kilichopatikana. Kaseti halisi za daraja la chini za makampuni makubwa, kwa mwenye bahati. Kwa wengine, kaseti za bandia zilizojaa sokoni, zimenakili karatasi na jina la TDK au Sony, lakini ndani mkanda wa kukwaruza na ganda lililogandishwa kwa moto badala ya skrubu. Kaseti ya dakika 60 ina mkanda wa unene wa takriban maikroni 18, ya dakika 90 ina 12, ya dakika 120 ina 9 tu. Watu walipenda ndefu kwa sababu harusi ni ndefu na darsa ni ndefu. Mkanda mwembamba ndio redio inaoutafuna kwanza. Halafu kikaja kizazi cha nakala: dukani wananakili kwa mwendo wa kasi, jirani ananakili kutoka kwako, binamu Tanga ananakili kutoka kwa jirani, na kila hatua inaongeza mvumo wake juu ya mvumo wa aliyetangulia. Nyingine zilirekodiwa juu ya zilizokuwepo. Vimeno vilishavunjwa ili darsa isifutwe, mtu akabandika selotepu juu ya tundu, na darsa ikaondoka, zikaingia nyimbo za Kongo.

Simlaumu yeyote. Kaseti moja ya SA ingeweza kula fedha ya kaseti kadhaa za kawaida, na mwenye kurekodi harusi ya dada yake hakuwa akifikiria miaka 40 mbele. Ninachosema ni kwamba hasara hiyo bado inaweza kupunguzwa, na kaseti nzuri za Japani zina kazi hapo, kazi ambayo bei haiwezi tena kuizuia.

Kazi yenyewe ni hii. Kaseti nyingi za zamani majumbani hazijafa mkanda, zimekufa ganda. Sponji imedondoka, magurudumu yamekwama, plastiki imepinda kwa kukaa dashibodi ya gari. Mkanda ukiuangalia ni mzima. Kaseti nzuri ya Japani kwa kawaida imefungwa kwa skrubu tano ndogo, na ndani ina karatasi laini za utelezi pande zote mbili, roli mbili zinazozunguka vizuri na springi ya kusukuma sponji isiyolegea. Unaifungua kwa bisibisi ya saa, unatoa mkanda wake, unaweka mkanda wako wa zamani na magurudumu yake, unapitisha kwenye roli, unafunga. Lile ganda lililogandishwa kwa moto unalipasua taratibu kwa kisu chembamba kwenye mshono wake, mezani, juu ya kitambaa cheupe, mikono mikavu, na feni ikiwa imezimwa. Mkanda usiushike usoni kwa vidole. Nimeona kaseti iliyokuwa haizunguki kabisa ikiimba mwanzo hadi mwisho baada ya kuhamishwa nyumba namna hiyo. Ganda la SA iliyochoka, isiyo na thamani yoyote kwa mkusanyaji, linatosha.

Ukiona unga mweupe kwenye mkanda, mara nyingi huo ni ukungu wa unyevu, na pwani hatuukosi. Usiicheze kwanza, maana utaueneza kwenye mashine na kwenye kaseti nyingine zote. Iweke mahali pakavu penye hewa kwa siku kadhaa, halafu mpe fundi anayejua kuisafisha ikiwa imefunguliwa.

Kuhusu mashine ya kuchezea, safisha hedi na roli la mpira kwa pamba na spiriti safi, ngoja ikauke. Kisha kuna jambo ambalo mafundi wetu wa redio walilijua bila kusoma kitabu chochote: kile kiskrubu kidogo kando ya hedi. Ukikizungusha kidogo sana, sauti inafumbuka. Kinachofanyika ni kuinamisha hedi ilingane na pembe ya mashine iliyorekodi kaseti ile zamani, kwa sababu kila redio ya mtaani ilikuwa na pembe yake. Nakamichi wa Japani walitoa deki mwaka 1982, Dragon, inayofanya hivyo yenyewe huku kaseti ikiendelea kucheza, na mpaka leo watu wanaitafuta kwa fedha nyingi. Fundi mwenye bisibisi na sikio zuri anakaribia sana kazi hiyo. Fanya hivyo kwa kila kaseti, usifikiri ukishaiweka sawa kwa moja basi imekaa sawa kwa zote.

Na kabla ya kubonyeza kitufe cha kucheza, unganisha waya kwenye kompyuta na uanze kurekodi. Kaseti dhaifu huenda ikacheza vizuri mara moja tu, na mara hiyo isipite bure. Hifadhi sauti ilivyo, usiondoe mvumo kwa programu kwanza. Programu hizo zikiuondoa mvumo huondoka na matuazi pia. Nakala safi ya kusikiliza utaitengeneza baadaye, ya asili ibaki ilivyo. Ukipenda baada ya hapo kuirudisha kwenye kaseti, ukaweka darsa ya sheikh wako au harusi ya wazazi wako kwenye SA nzuri ukaicheza jioni sebuleni, mimi nitakuunga mkono kwa moyo wote. Kaseti ile ilitengenezwa kwa kazi hiyo.

Jambo la mwisho ni maandishi. Andika nani anaimba, nani anapiga udi, harusi ya nani, mtaa gani, mwaka gani. Wachezeshee wazee sasa, waulize sauti hii ya nani, kwa sababu kompyuta haitakwambia. Andika kwa penseli kwenye karatasi ya kasha, siyo kwenye stika mpya ya kubandika juu ya kaseti, kwa kuwa gundi ya stika ikiyeyuka kwa joto inashuka ndani ya deki, na hapo utakuwa umeipeleka deki yako kwa fundi kwa sababu ambayo haikuhitajika.